Vitabu Vitoke: Shajara ya Maktaba ya Kijiji, Njia ya Mtera

9 Machi 2024

Chumba kimepatikana. Mkutano mkuu wa kijiji umeridhia ghala la zamani la ushirika liwe maktaba, na mtendaji ameandika muhtasari na kuugonga mhuri. Ghala liko kando ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa, kabla hujafika Mtera, kwa hiyo kila basi linalopita linatuona, na vumbi lake linatufikia. Kuta za tofali za kuchoma ni nzima. Sakafu imepasuka. Madirisha ni mawili, madogo, na yako juu karibu na bati, kwa sababu waliolijenga walikuwa wanafikiria karanga, si macho ya mtu anayesoma.

Mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea, na zimetufanyia ukaguzi bure: kila penye tundu kwenye bati pamejitangaza. Nimechora duara la chaki sakafuni chini ya kila tone. Fundi akija atafuata chaki, asinianzishie habari za kubadilisha paa zima.

Mchwa wamo pia. Kona ya kaskazini wameshajenga njia yao ya udongo hadi kwenye kenchi. Hapo hakuna utani. Nimefanya kazi maktaba ya chuo mjini kwa miaka mingi na najua kwamba adui wa kitabu huku kwetu ni mchwa na vumbi, ukiacha kufuli, ambalo nitalizungumzia siku yake. Hakuna kitabu kitakachoingia kabla bati halijazibwa, nyufa hazijafunikwa na dawa ya mchwa haijapigwa ndani na nje ya msingi.

20 Aprili

Rafu. Fundi seremala alikuja na ubao wa msonobari na maneno matamu. Mninga ungefaa zaidi, lakini bei ya mninga siku hizi ni ya watu wa samani za ofisini. Msonobari nao mchwa hawauachi. Tumekubaliana njia ya kati: miguu na fremu ziwe za chuma, zichomelewe hapa hapa na kijana mwenye jenereta, kisha mbao zilizopakwa dawa zilazwe juu yake. Kila mguu utasimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gereji. Rafu isiguse ukuta. Iache nafasi ya kiganja kupita, ili njia ya mchwa ionekane kabla haijafika kwenye karatasi na hewa izunguke nyuma ya vitabu.

Vipimo nilivyompa: kina sentimita 25, nafasi kati ya ubao na ubao sentimita 30, ubao wa chini kabisa uwe sentimita 20 kutoka sakafuni kwa sababu tutapiga deki, na ubao wa juu usizidi pale mkono wa mtoto wa darasa la tano unapofika akiunyoosha. Fundi alishangaa.

"Mwalimu, mbona unapoteza ukuta? Hapa juu zingekaa safu nyingine mbili."

Zingekaa. Na vitabu vya safu hizo ningekuwa navishusha mimi, mtoto akishaniomba. Mtoto mwenye haya hamwombi mtu mzima kitabu. Anasimama kidogo, anaangalia juu, anaondoka. Huku kwetu watoto wenye haya ndio wengi. Nimekataa, na ukuta wa juu utabaki mtupu.

(Kuitwa mwalimu nimeshazoea. Sijawahi kushika chaki darasani, lakini ukionekana na vitabu wewe ni mwalimu, na ubishi hausaidii.)

25 Mei

Maboksi yamefika. Walimu wastaafu wa kata hii wametoa vya kwao, vichache na vizuri, vimevikwa majalada ya magazeti. Rafiki niliyesoma naye ukutubi Bagamoyo ametuma boksi la hadithi za watoto kwa basi. Halafu kuna taasisi moja mjini iliyokuwa inasafisha stoo yake. Walikuja na gari lililojaa, wakapiga picha na sisi, wakaondoka. Ndani yake: miongozo ya kodi ya nchi nyingine, vitabu vya programu za kompyuta ambazo hakuna kompyuta inayozitumia tena, marundo ya nakala za ripoti ile ile ya mwaka, na ensaiklopidia yenye juzuu ya tatu na ya saba peke yake.

Mjumbe mmoja wa kamati aliumia nilipoanza kutenga. "Kitabu ni kitabu, mwalimu. Rafu zijae kwanza, wageni wakija waone."

Hamu hiyo naielewa. Rafu iliyojaa inapendeza pichani. Lakini msomaji mpya akichomoa vitabu vitatu na vyote vikawa havimhusu, hatamlaumu aliyevileta. Atajilaumu mwenyewe, ataona kusoma si kazi ya watu kama yeye, na hutamwona tena. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras kule India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi ambazo chuoni tulizikariri mpaka tukaziota. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa, ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Ile ripoti ya mwaka haitaokoa muda wa mtu yeyote njia hii. Kwa kuwa imechapwa upande mmoja tu wa karatasi, tumeikata na kuishona daftari za watoto kuchorea, na kwa matumizi hayo imekuwa msaada mkubwa kuliko walioitoa walivyotarajia.

Vilivyobaki havijazi nusu ya rafu. Mimi nimeridhika, kamati inanitazama.

15 Juni

Kazi ya namba. Daftari la uingizaji limefunguliwa: namba ya mfululizo, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, kimetoka kwa nani. Hiyo ni kazi ya mkono tu. Uainishaji ndio ulioninyima usingizi.

Mfumo wa Dewey, unaovipa vitabu namba kwa mada, nauheshimu. Umekuwepo tangu 1876, na mtoto akiuzoea hapa hatapotea siku akiingia Maktaba ya Mkoa mjini au Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Lakini Melvil Dewey aliupanga ulimwengu kutoka kwenye kiti alichokalia yeye. Fungua 200, dini: kuanzia 220 mpaka 280 na ushee ni Biblia na Ukristo, Uislamu mzima umebanwa kwenye 297, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa 299. Kijiji hiki kina kanisa na msikiti, na waumini wake wanazikana na kulishana harusini. Sitawapanga watu hao kwa ukubwa wa namba. Rafu ya dini nimeigawa sawasawa, na namba nimeziacha kwa ajili ya daftari tu. Sheikh alikuja kuangalia, katekista naye akaja siku nyingine, na kila mmoja alihesabu kwanza vitabu vya mwenzake.

Fasihi ina shida ya namna nyingine. Kiingereza kina 820 nzima, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Lugha za Afrika, mamia kwa mamia, zinaishi pamoja kwenye 896, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Katika maktaba ya Ulaya namba hiyo inaweza kuwa na vitabu vya kujaza kikapu. Hapa ndiyo rafu kubwa kuliko zote, na ingekaa imesimama na namba moja mwanzo hadi mwisho. Mfumo wenyewe unaruhusu kuongeza tarakimu, 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa hadithi, basi riwaya zetu zimekuwa 896.3923. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuhangaika na hiyo. Migongoni nimebandika utepe wa rangi: njano hadithi, kijani kilimo na mifugo, nyekundu afya, bluu masomo. Rangi ni ya msomaji, namba ni yangu.

Mtama na uwele vimekaa 633. Zabibu zina namba yao kamili, 634.8. Nilimwonyesha mkulima mmoja wa zabibu kutoka Mpunguzi aliyekuwa anasubiri basi nje. Akauliza mara mbili kama kweli duniani kote zabibu zimepewa namba hiyo hiyo. Nikamwambia penye Dewey, ndiyo. Akaiandika kwenye simu yake. Sijui ataifanyia nini.

13 Julai

Kikao cha kamati kuhusu kuazimisha. Hiki nitakiandika kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mradi ungefia.

Baridi la Julai, upepo, wazee wamejifunga mablanketi. Ajenda ilikuwa moja: je, vitabu vitoke nje ya chumba au visomwe humo humo? Nilikuja nimejiandaa kubishana juu ya siku ngapi. Nikakuta wengi hawataki kitoke hata kimoja.

Mzee mwenyekiti alianza. "Mwalimu, mimi watu wangu nawajua. Kitabu ukimpa mtu bure, karatasi yake nzuri ni ya kusokotea tumbaku."

Mtendaji akaongeza kwamba hata shuleni kuna kabati la vitabu, limefungwa vizuri, na hakuna kilichopotea miaka yote.

Kabati hilo nalijua. Kila shule niliyowahi kutembelea ina ndugu yake. Vitabu ni vipya, vinanukia gundi ya kiwandani, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye ama amehamishwa ama yuko semina. Kweli hakuna kilichopotea. Kila ukaguzi unapita bila doa. Na watoto wanamaliza darasa la saba wakiviona kupitia kioo.

Niliwaambia wazee wangu: ghala hili lingetunza karanga bila kuziuza wala kuzigawa mbegu mpaka zikaota ukungu, mngelisifu kwa kuwa hazikuibwa?

Walicheka, lakini hawakubadilika. Lilikuja pendekezo la kati: mtu aweke shilingi elfu tano, akirudisha kitabu arudishiwe. Nililipinga pia. Elfu tano ni pesa ya kibarua cha siku nzima, na mwezi wa Julai, mavuno yakishauzwa, inaweza kupatikana. Februari, njaa ikiwa imekaribia na shamba linapaliliwa, haipatikani, na Februari ndipo mkulima anapotaka kusoma habari za wadudu wa mtama. Faini nayo sikuitaka. Mtu aliyechelewesha kitabu na anadaiwa shilingi mia kila siku harudi kulipa. Anakificha kitabu na anajificha yeye. Unapoteza viwili.

Aliyeliamua ni mama mwenye mgahawa wa stendi, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya. Alisema: "Mimi nakopesha chai na chapati kwa daftari. Wanalipa. Asiyelipa namjua, na mama yake namjua, na siku ya msiba tutakaa mkeka mmoja. Mwandikeni mtu jina lake, kitongoji chake, na kwao kunaitwaje. Yatosha."

Ikapita hivyo. Wiki mbili, kitabu kimoja kwa mtoto, viwili kwa mtu mzima. Hakuna amana, hakuna faini. Kamusi, atlasi na mitihani ya miaka iliyopita havitoki. Mzee mwenyekiti aliomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba yeye alionya. Imeandikwa.

24 Agosti

Tumefungua. Hotuba zilikuwa fupi, Mungu ni mwema. Kikundi cha akina mama kilipiga muheme, ngoma ya Kigogo, mpaka wanafunzi wakaacha kuangalia vitabu, na sikuwalaumu.

Boksi jingine limekuja kutoka Dar es Salaam na treni mpya ya umeme iliyoanza safari zake za Dodoma mwishoni mwa Julai. Rafiki alilishika mkononi mpaka stesheni. Ndani mna vijitabu vya ufugaji, vyembamba, vya kurasa chache, vyenye michoro. Nilivipanga kwenye utepe wa kijani bila kuvitegemea sana.

Nilidhani kitakachotoka zaidi ni riwaya. Kinachotoka zaidi ni kijitabu cha kuku wa kienyeji. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambao tumewapa baraza la nje wakutanie, walikichukua, wakasomeana sura ya kideri. Kila mwaka kideri kinapita hapa na kuacha mabanda matupu, na watu wamekubali kwamba ndivyo kuku walivyo. Kijitabu kinasema kuna chanjo ya tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu, na kwamba chupa ikishafunguliwa haikai. Hapo ndipo palipowakwamisha wengi siku zote: chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na asiye na friji hana pa kuiweka. Wakapanga siku moja ya kitongoji kizima, wakachanga, mmoja akaifuata chupa mjini akairudisha ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kijitabu kimerudi na alama ya kidole chenye mafuta kwenye ukurasa wa dozi. Nimekiacha hivyo hivyo, kinamwonyesha anayefuata pa kufungua.

14 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani juzi. Wiki zilizotangulia chumba kilijaa mpaka mlangoni, na mitihani ya zamani imechakaa. Upepo ni mkali. Kila asubuhi rafu zina rangi ya barabara. Tunafuta kwa kitambaa kikavu, tukianzia ubao wa juu, na dirisha la upande wa upepo limewekewa kiroba.

Kitu nilichokigundua: watoto waliomaliza darasa la saba wako huru mpaka Januari, na nyumbani hawana cha kufanya zaidi ya kuchunga na kuchota maji. Hawa ndio wasomaji bora wa mwaka mzima. Pia wana woga mmoja: wamesoma miaka yote kwa Kiswahili na kidato cha kwanza watakuta kila kitu ni Kiingereza. Tumeanza meza ya alasiri, kamusi katikati, hadithi nyepesi za Kiingereza, anayesoma anasoma kwa sauti na wengine wanamsubiri. Wawili kati yao wamejifunza kugonga mhuri na kuandika daftari la kuazima, na mwandiko wao ni bora kuliko wangu.

19 Oktoba

Alikuja mzee kutoka kitongoji cha juu, amevaa koti, amefunga kitu kwenye kitambaa. "Mbukwenyi," akatusalimu wote, akakaa. Kisha akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973.

"Mwanangu, hiki nilikiazima. Sikurudisha. Darasa likafa, mwalimu akahama, nikabaki nacho. Nimesikia mmefungua tena."

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mzee huyu alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto, jioni, chini ya mti, kwa ubao uliochomekwa kwenye matawi. Miaka mitatu baadaye watu kama yeye, kwa mamilioni nchi nzima, walikaa kwa vikundi mbele ya redio. Mmoja anasoma kijitabu, wengine wanajadili malaria, minyoo, kuhara, kichocho, kisha wanachukua majembe na kwenda kuchimba vyoo. Mzee anakumbuka choo alichochimba yeye na nani alitegea. Aliyetegea amekwisha kufariki, lakini kesi bado iko wazi.

Nilikikagua. Kimekaa miaka zaidi ya hamsini ndani ya nyumba ya tembe, kwenye moshi wa kuni, na moshi huo ndio umewazuia mchwa. Kurasa zimekuwa kahawia lakini zimetimia zote. Mzee mwenyekiti wa kamati alikuwepo. Nilimwangalia bila kusema neno, naye akawa anashughulika na miwani yake.

Mzee anakuja sasa kila siku gazeti la jana linapofika na basi, analisomea kundi la wenzake barazani. Anauliza pia vitabu vya Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa huku huku Ugogo, aliyezaliwa 1917 akafariki 1969, yule aliyezifanya ngonjera zikaingia shuleni na mikutanoni. Hatuna hata kimoja. Maktaba ya Ugogo bila Mnyampala ni aibu, nimeiandika juu kabisa ya orodha ya kununua.

Wakati anasubiri, wanafunzi wa meza ya alasiri wameanza kumwandika. Anasimulia alivyosikia kwa wazazi wake habari za Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, majeshi ya pande zote yakiwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Anasimulia kwa Kigogo, mtoto mmoja anaandika kwa Kigogo, mwingine kwa Kiswahili, wanabishana. Daftari zikijaa nitazishona jalada gumu, niziingize kwenye daftari la uingizaji kama kitabu chochote: hadithi za sungura na fisi 398.2, habari za Mtunya 967.8. Namba ya mwandishi itakuwa ya mzee.

30 Novemba

Chumba kilitumika kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27. Tulijua mapema, na badala ya kufunika rafu zote kwa mashuka tuliamua kuondoa kikomo: kila mwenye jina kwenye daftari achukue anachoweza kubeba, arudishe uchaguzi ukipita. Siku mbili rafu zikawa karibu tupu. Vingi vimesharudi. Mwenyekiti wa kijiji ni mpya, kwa hiyo nitaanza kueleza kila kitu upya.

Habari kubwa ya mwezi haikuwa hiyo. Kulikuwa na riwaya moja ya upelelezi iliyochukuliwa Septemba na kijana ambaye baadaye alienda kuvua Mtera. Nilikuwa nimeshaiweka alama ya kuulizia kwao. Juzi konda wa basi la Iringa aliteremka mbio, akanipa mfuko wa nailoni, akarukia basi. Ndani mna ile riwaya, inanuka perege waliokaushwa, na karatasi ya daftari. Kijana ameandika majina ya watu wote wa kambi waliokisoma, kila mmoja na sahihi yake, kwa utaratibu ule ule wa daftari letu, na chini wameuliza kama kuna kingine cha mwandishi huyo, na kama kuna kitabu kinachoeleza kutengeneza mashine ya boti.

Kwa sheria zetu kijana amechelewa vibaya. Nimemtumia viwili kwa konda yule yule.

Harufu haitoki. Nimekiweka peke yake ubao wa chini, karibu na mlango, na watoto wanakwenda kukinusa.

21 Desemba

Mvua zimeanza. Duara moja la chaki limepata maji tena. Fundi atarudi kwa gharama zake, ndivyo tulivyoandikiana.

Kazi ya mwezi huu ni kutengeneza vilivyoumia. Kwanza nimewapiga marufuku wasaidizi wangu kutumia gundi ya utepe ya dukani. Inaonekana safi siku ya kwanza, kisha kwa joto la huku inageuka njano, inakauka, inabanduka na kuacha doa lisilotoka. Ukurasa uliochanika unabandikwa kipande cha karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji kidogo. Uji wa wanga, ambao wazee wetu waliutumia kufunga daftari, nimeukataa pia: mende wanaupenda na panya wanaupenda. Kitabu kilichoachana na mgongo tunakitoboa kwa msumari mwembamba na kukishona kwa uzi imara, mshono wa matundu matatu kama daftari za shule, kisha jalada la boksi. Kijitabu cha kuku kimeshonwa upya. Kimebaki na ukubwa ule ule isipokuwa pembe, ambazo nimezikata mviringo kwa sababu zilishaisha.

Wasaidizi waliuliza kama nahuzunika kuona vitabu vimechakaa hivi. Hapana. Kule chuoni nilikuwa na vitabu vilivyokaa miaka bila tarehe hata moja kwenye karatasi ya kuazima, vizima, vinang'aa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanihuzunisha, na sikuwa na la kuvifanyia.

18 Januari 2025

Hesabu ya mwaka. Tumeshusha kila kitabu, tukalinganisha na daftari la uingizaji, na vilivyoko nje tukavilinganisha na daftari la kuazima. Kuna visivyoonekana. Si vingi, ila vipo, na vingi vyake ni hadithi za watoto za utepe wa njano. Kamati ilikaa. Mzee mwenyekiti aliuliza kama nakumbuka alichoonya Julai, nikamwambia nakumbuka na kimeandikwa. Kisha akasema mwenyewe kwamba kimoja kati ya hivyo kiko kwake; mjukuu wake hulala nacho na hakubali kiondoke. Tumekihamisha kwenye safu ya "kwa ruhusa maalumu", safu ambayo haikuwepo mpaka dakika ile.

Waliomaliza darasa la saba wameondoka kwenda kidato cha kwanza. Wasaidizi wapya ni wa darasa la sita, lazima nianze kuwafundisha mhuri. Maktaba ya Mkoa nimewaandikia kuomba mmoja wao aje kutufundishia wasaidizi hao angalau kwa siku moja, nasubiri jibu. Orodha ya kununua ina Mnyampala, kitabu cha mashine za boti, na nakala tatu za kijitabu cha kuku. Pesa iliyopo inatosha viwili kati ya hivyo, na akina mama wa baraza wamesema kuku watawanunulia wenyewe nakala zao.

Konda amekubali kubeba kasha la kwenda na kurudi Mtera bila nauli, kwa sharti kwamba naye ahesabiwe msomaji na apewe viwili. Amejiandikisha jana kwa jina, na kwenye nafasi ya kitongoji ameandika namba ya basi. Nikienda mjini Alhamisi nitaleta gundi, uzi, na daftari jipya la kuazima, kwa sababu hili limebakiza kurasa chache.